Mhitimu Yuko Jikoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni mwanangu Zephaniah, Mchungaji Francis, wazee wa kamati mlioketi meza kuu, wageni waalikwa wa hapa Thamesmead, na nyinyi mliotoka Hayes mkavumilia treni: hamjambo.

Nimeambiwa niseme machache, niombee chakula, niketi. Nitaketi nikimaliza.

Tumekuja kumpongeza mjukuu wangu Gakii, aliyehitimu shahada ya kompyuta. Mimi shule niliiachia njiani, lakini historia ya kompyuta ninayo, maana Gakii alinisimulia kwenye basi la kwenda kliniki. Mnajua zamani kompyuta ilikuwa mtu? Mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu mchana kutwa, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Hapa hapa London, enzi za magari ya farasi, mama mmoja aliandika maagizo ya mashine ambayo mwanamume alikuwa angali anaichora, na hadi wote wawili wanazikwa, mashine haijakamilika. Kina mama mlioolewa, hilo halihitaji maelezo.

Halafu Marekani, wakati wa vita vya pili vya dunia, wasichana sita wakakabidhiwa dude la kujaa chumba, wakalifundisha hesabu. Vita vilipokwisha, dude likaonyeshwa kwa wakubwa, likatii. Wakubwa wakaenda kula karamu. Wasichana hawakualikwa. Nilimwambia Gakii, "Hao Wazungu hawana adabu."

Leo nawaomba Wazungu radhi. Picha ya Gakii naiona ukutani, kubwa kama mlango, lakini mwenyewe yuko wapi? Yuko jikoni na aproni, anaponda mukimo, viazi na mahindi vya watu wote hawa. Kiti chake amekalia binamu yake Tevin, aliyeacha kozi kabla ya Krismasi, na kisu cha keki ameshika yeye. Nimeuliza, Mwenyekiti akaninong'oneza, "Mama, wasichana ndio hupakua, ni desturi yetu." Desturi ya nani, Zephaniah? Nyumbani kwangu anayesherehekewa hagusi mwiko.

Jumatatu mtoto huyu anaanza kazi katika ofisi ambayo mwanamke ni yeye peke yake. Wakimtuma chai badala ya kumwita mkutanoni, atakataa kwa nguvu gani, ikiwa hata kwao, siku yake mwenyewe, alipakua?

Gakii, vua aproni, njoo.

"It's okay, Shosho."

Si okay, bibi yako nimesema. Njoo. Tevin, inuka, na kisu uache hapo.

Haya, ameketi. Tufumbe macho. Ee Baba, bariki chakula hiki, na ubariki kila mwanamume atakayekipakua. Amina.

Mwenyekiti, mwiko uko ndani ya sufuria. Masikio mmenipa, asanteni. Sasa naomba mikono.