Chungulia, Usibishe Hodi

PHELISTA: Haloo? Nani huyo?

NABWILE: Ni mimi Nabwile, nani mwingine? Mbona umenikatia?

PHELISTA: Mimi sikati simu, mtoto wangu. Nikichoka nasema nimechoka. Ni network ya Kitale. Ulikuwa unatukana kompyuta ya duka langu. Endelea.

NABWILE: Sijatukana, Mama. Nimesema inaniharibia utafiti. Programu ni ile ile: inajaza memori, inafuta yote, tunapima muda. Laptop yangu hapa Bungoma, sekunde sifuri. Yako, sekunde tisa.

PHELISTA: Ni mzee, na amejaa vumbi la mbegu. Lakini alifuta?

NABWILE: Alifuta. Ndio nataka nimtoe kwa jedwali la matokeo, mwalimu Mukhisa analitaka saa sita—

PHELISTA: Na yako, ilifuta?

NABWILE: Si nimekuambia sekunde sifuri?

PHELISTA: Nimesikia. Wewe pia nikikutuma kuosha sufuria ulikuwa unamaliza sekunde sifuri. Nikifunua, ugali umeshika chini.

NABWILE: Mama, bana.

PHELISTA: Umeangalia ndani?

NABWILE: Niliangalia. Nikiiambia programu isome memori baada ya kufuta, iko safi. Ila hapo inachukua sekunde mbili.

PHELISTA: Na usipoiambia isome?

NABWILE: Sifuri. Ngoja.

PHELISTA: Inafagia ikijua kuna mgeni.

NABWILE: Ati? Unasikika nusu—

PHELISTA: Nimesema usibishe hodi. Chungulia dirishani.

NABWILE: Iko njia. Kuna programu nyingine ya kuangalia kutoka nje. Naweka jina la kujaribia... "Wakonyo". Nafuta. Sasa natafuta... Mama.

PHELISTA: Liko?

NABWILE: Liko. Wakonyo mzima, herufi zote. Mashine ikiona hakuna mtu atasoma hapo tena, inaona kufuta ni kazi bure, inaruka. Yako haijui huo ujanja.

PHELISTA: Mwombe mzee msamaha.

NABWILE: Pole, mzee.

PHELISTA: Na hiyo programu ni ya jedwali tu, ama kuna watu wanaitumia?

NABWILE: Zahanati moja ya Kachibora. Mwenzangu Matthew aliwawekea jana. Mgonjwa akishatoka, jina lake na ugonjwa wake visibaki kwa mashine.

PHELISTA: [kimya]

NABWILE: Mama? Ni network?

PHELISTA: Ile ya nyuma ya soko?

NABWILE: Hiyo. Unaijua?

PHELISTA: Watu huenda huko kwa sababu hakuna anayewajua. Itolewe.

NABWILE: Watu gani? Mama, Alhamisi ile ulisema unapeleka mbegu Kachi—

PHELISTA: Nabwile. Itolewe.

NABWILE: Sawa. Lakini nikianza kurekebisha saa hii, saa sita sina kitu cha kumpa Mukhisa. Hizo ni alama zangu zinaenda.

PHELISTA: Basi mpelekee ile sifuri, uandike jina lako chini yake. Unaweza?

NABWILE: Siwezi.

PHELISTA: Nilijua.

NABWILE: Jedwali nimelifuta. Na nimechungulia, limefutika kweli. Sasa nampigia Matthew aitoe. Halafu Alhamisi nakuja, tunaenda Kachibora pamoja.

PHELISTA: Kuja na gamubuti. Huko kuna matope.

NABWILE: Haya basi, Mama, nisalimie—

PHELISTA: Usiniage. Mpigie.

[Simu inakatika.]