Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu wa maktaba. Mkutubi wetu mpendwa, Mama Kimya. Na ninyi wasomaji mliokubali kufunga vitabu vyenu kwa robo saa ili mtusikilize:

Karibu

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunafahamu umekuja kumuaga Mama Kimya, anayestaafu mwisho wa mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututolea macho juu ya miwani. Sisi ni watu kumi na wanne: fundi simu, karani wa zahanati, washonaji wawili, mwalimu wa hesabu, na wengine ambao bado tunatafuta kazi. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba hii kutazama mihadhara ya video mtandaoni, inayofundisha mbinu mpya za kutengeneza programu za kompyuta.

Tulivyoanza

Miaka minne iliyopita fundi simu alikuwa akitazama mihadhara hiyo peke yake, kwenye kona ya magazeti, sauti ikivuja kwenye visikilizio vyake. Mama Kimya akamwendea. Fundi akaanza kukusanya vitu vyake, akijua anafukuzwa.

"Huyo anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anaeleza jinsi ya kutengeneza programu, mama."

"Sikukuuliza anaeleza nini. Anasema nini?"

Fundi akarudia maneno ya Kiingereza ya kwenye video, akakwama. Alikuwa ametazama saa nzima na hakuweza kutoa hata sentensi moja. Mama Kimya akamfungulia chumba cha nyuma. "Kaa humo," akamwambia. "Ukitoka, unieleze kwa lugha ninayoielewa."

Hiyo ndiyo sheria yetu hadi leo. Kila baada ya dakika tano video inasimamishwa, na mmoja wetu anaeleza kwa Kiswahili alichosikia, bila kujificha nyuma ya maneno ya kukopa. Mama anaketi kiti cha mbele. Akikunja uso, tunarudisha nyuma. Mhadhara wa dakika arobaini umewahi kutumalizia Jumamosi tatu, na hatuoni aibu kusema hivyo, kwa sababu tulichokieleza kwa lugha yetu hakijatutoka. Hata lile pazia zito la mlangoni alilitafuta yeye, ili mabishano yetu yasiwafikie wasomaji.

Tulichovuna

Karani wa zahanati alijifunza kwenye mhadhara mmoja kuandika majaribio kwanza, kabla ya programu yenyewe. Yaani kuamua mapema kosa utalijuaje likitokea. Kwa mbinu hiyo ametengeneza programu ya kupanga miadi, na wagonjwa hawapangi tena foleni kabla ya mlango kufunguliwa. Wenzetu wawili wameajiriwa kwa kazi hii hii, na bado wanakuja Jumamosi.

Tulipoteleza

Mheshimiwa, hatutaki uondoke ukidhani tumekuwa malaika. Mwaka jana tulimtazama mtaalamu aliyeshauri programu ivunjwe vipande vidogo, kila kimoja kijisimamie. Tulivutiwa mno. Programu ya kuazimisha vitabu, tuliyoitengeneza wenyewe na isiyokuwa na tatizo lolote, tukaivunja vipande tisa.

Jumatatu mwalimu wa hesabu akarudisha kitabu. Kipande cha kupokea kilijua. Kipande cha kudai hakikuambiwa. Hadi mchana simu yake ilikuwa imepokea ujumbe arobaini na mmoja wa kumdai kitabu kilichokuwa tayari mezani kwa Mama Kimya. Mama Kimya akatoa daftari lake la zamani, akaendelea na kazi. Jumamosi ndipo aliposema.

"Huyo bwana wa kwenye video anahudumia watu wangapi?"

"Mamilioni, mama," fundi simu akajibu.

"Na mimi nina wasomaji wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Tena wawili wamehama."

Kabla ya saa sita vipande tisa vilikuwa kimoja tena. Swali lake la "watu wangapi" tumeliandika ubaoni kwa wino usiofutika, na kila mhadhara unaanza nalo.

Tunachoomba

Hatuombi kompyuta. Hatuombi viti, vinavyoyumba tunaviegemeza ukutani. Tangazo la mlangoni linasema ufunguo unashikwa na mtumishi wa maktaba tu, na kwamba Mama akiondoka chumba kitafungwa. Juzi, Mama akipanga droo zake, karani wa zahanati alimsikia akijisemea, "Sasa Jumamosi nitakuwa natazama ukuta."

Tunaomba, Mheshimiwa, umruhusu Mama Kimya ashike ufunguo huo Jumamosi, ingawa atakuwa amestaafu. Hatusemi hivi kwa kumwonea huruma. Video za kutufundisha zimejaa mtandaoni, mtu wa kutuuliza "Anasema nini?" tunaye mmoja tu.

Jana aliipitia risala hii, akasahihisha nukta mbili. Nakala aliyopewa haikuwa na sehemu hii, kwa hiyo anaisikia sasa pamoja nawe. Kama amekunja uso, sheria ni yake mwenyewe: tutarudisha nyuma na kuisoma tena, mpaka ieleweke.

Mungu akulinde njiani, Mheshimiwa, aibariki kazi ya mikono yako, na ampe Mama yetu afya na Jumamosi nyingi.

Ni sisi,
Kikundi cha Dakika Tano