Mwalimu Bartholomayo Kashaija na watoto wa bustani ya ziwani

Ndugu waombolezaji, tangu Jumamosi mnasema hapa msibani kwamba Mwalimu aliwapeleka watoto kifoni kwa ubishi wake, na kwamba safari zile za bustani ya ziwani zikome. Mimi Ndyamukama, kaka yake wa tumbo moja, nimeombwa kusoma maisha yake. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mwamue.

Marehemu Bartholomayo Kashaija alizaliwa hapa Kaagya tarehe 12 Machi 1904, wakati wa Mjerumani. Alikuwa mtoto wa tatu. Wawili wetu tulibaki hai.

Shule aliianza kwa kutoroka. Baba alitaka achunge ng'ombe, yeye akaenda kwa wamisheni. Aliporudi jioni baba alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka meno mawili yakatoka. Kesho yake akaenda tena, shavu limevimba kama papai. Alibatizwa 1915, na mwaka 1924 akamaliza masomo ya ualimu. Mimi nilisoma miaka miwili tu, halafu miguu yangu ikapenda barabara, nikaenda mpaka Buganda. Lakini leo si siku yangu.

Alianza kufundisha hapa Februari 1925. Tarehe 6 Juni 1928 alifunga ndoa na Kokuberwa, huyu aliyekaa hapa mbele yenu. Wakajaliwa watoto wanne.

Sitaficha kwamba miaka ile Mwalimu alipiga sana. Mwaka 1931 alimuuliza binti aitwaye Kokubanza, meli ni nini. Binti hakujua. Alimchapa mikononi mpaka kidole gumba kikavunjika. Jioni bibi yake yule binti alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni pa Mwalimu.

"Mwalimu, wewe hiyo meli uliionea wapi?"

"Bukoba, bibi."

"Basi mpeleke akaione. Au ulidhani imo ndani ya kidole, ukavunja uitoe?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Usiku ule hakula. Juma lililofuata alimpeleka Kokubanza na wenzake kwa miguu mpaka Bukoba, wakaiona meli, kisha wakapumzika katika bustani ya serikali pale ufukweni. Tangu siku ile hakumchapa tena mtoto kwa kutojua kitu ambacho hajakiona.

Safari ikawa ya kila mwaka. Kule bustanini walisoma majina kwenye vibati vya miti, wakatafuta jina la Kihaya la kila mti, na lisilojulikana wakaja kuwauliza wazee. Alimkalisha kila mtoto mbele ya kitu kimoja, ndege au mchwa, mpaka awe na la kusimulia. Aliwaonyesha pia njia ya kiboko, majani yaliyolala na mavi yaliyotawanyika, akawaambia, "Huyu akiwa nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Nyamaza, mpishe, panda juu."

Mwaka 1949, alipokuwa akifundisha upande wa Muleba, alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Rubya, hospitali ya Wakatoliki, majuma matatu. Sista mmoja alimkataza kutembea mbali. Akamjibu, "Sista, mimi Mlutheri, sisi hatuna maungamo. Nikivunja amri yako nitamwambia nani?" Alipopona alirudi Kaagya, na safari zikaendelea.

Sasa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1953. Alikuwa bustanini na watoto kumi na tisa. Saa nne asubuhi kiboko dume alitoka kwenye matete nyuma yao, amechelewa kurudi ziwani. Watoto walinyamaza, wakaupanda ukuta wa mawe wa bustani mmoja mmoja. Mnyama alikuwa akienda zake majini. Hapo mama mmoja aliyekuwa akifua nguo akapiga enduru, yowe la hatari.

Enduru ikipigwa kwetu mtu haulizi, anakimbia na alichonacho mkononi, na asiyekimbia haonyeshi uso tena kijijini. Tulitoka sokoni pale Bukoba watu kama thelathini, na mikuki, mapanga na miti ya mizigo. Tukasimama mstari mmoja, ziwa mgongoni mwetu.

Mwalimu akapiga kelele, "Ondokeni majini! Mpisheni!"

Rugaibula, mpiga kasia, akamjibu, "Kimbia wewe, Mwalimu! Sisi tumeshamzuia!"

Mkuki wa kwanza ukarushwa, ukamkaa begani. Mnyama akageuka kwenye ukuta, akaugonga kwa kichwa, mawe yakaporomoka. Alistidia binti Lwakatare akaanguka chini, mguu ukavunjika. Mwalimu alivua koti, akalipunga usoni pa mnyama, akakimbia upande wa pili. Hakufika mbali. Mnyama alimkamata kiunoni, akamkata vipande viwili. Sisi tulimchoma yule mnyama hata alipokuwa amekwisha kufa, mpaka mikuki ikapinda, na ile nyasi ya bustani ikawa tope jekundu.

Jana humu ndani Lwakatare alimuuliza binti yake, mguu ukiwa kwenye vijiti, "Haya, hiyo bustani imekufundisha nini?"

Akasema, "Kwamba akizibiwa maji anaua, tata. Ninyi mlimzibia."

Akapigwa kofi.

Ndugu zangu, kofi lile lilikuwa langu. Mkuki wa kwanza niliurusha mimi. Watoto kumi na tisa walijua la kufanya, sisi thelathini hatukujua, maana hakuna aliyewahi kutupeleka. Alistidia, mjukuu wangu, nisamehe. Na wewe, Kokuberwa, sina la kukuambia. Nimekuja bila mkuki.

Mkitaka kukomesha safari, msiseme ni kwa ajili ya Bartholomayo. Mimi nitakwenda Bukoba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Atakayenipa mtoto wake, nitamshukuru. Lakini kwanza naomba watu wazima.

Marehemu ameacha mjane, Kokuberwa, watoto wanne, Buberwa akiwa wa kwanza, wajukuu sita, na kaka mmoja.

Mungu ampe Mwalimu wetu pumziko lisilo na kelele.