Kiapo cha Mafundi na Koti la Mvua

Mheshimiwa mgeni rasmi, fundi mkuu wetu, wazazi wenzangu, wahitimu wa cherehani, na nyinyi miungu wawili mliojibanza mlangoni mkidhani sijawaona, habari za mchana. Nimepewa dakika tano. Magoti peke yake yanataka tatu kunyooka, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni bibi yake huyu mwembamba, mnayemwita Uzi. Sikusoma, lakini kusema najua.

Mwaka jana, ana miaka kumi na sita, aliachwa peke yake karakanani, fundi mkuu kaenda kununua vifungo. Wakaingia mabwana wawili. Mmoja anachuruzika maji, sakafu yote chepechepe. Mwingine kila akipumua, vitambaa vinaruka. Yule wa maji akasema, "Binti, nishonee koti," akampa kitambaa. Uzi akapokea. Na humu ndani, nyote mnajua, ukishapokea kitambaa umepokea kazi, hakuna kurudisha. Ndipo Upepo, mwenye hila, akacheka. "Likimkaa vizuri, tunakwenda nawe juu, utushonee milele. Likimbana, Mvua hanyeshi hapa miaka saba."

Mheshimiwa, wewe ungefanyaje? Mimi aliponieleza nilikaa chini, na kiti kilikuwa upande ule mwingine.

Lakini mtoto kafundwa na fundi mkuu wetu, ninayemsifu mbele yenu, maana gauni langu la harusi ya mwanangu alinikabidhi mwanangu ana mtoto wa pili. Mvua alipokuja kujaribu, Uzi akamwambia, "Bado mikono, mzee. Njoo Ijumaa." Ijumaa ikafika: "Bado kola. Umeme ulikatika." Ijumaa nyingine: "Ndiyo kwanza nilikuwa nalimalizia."

"Binti, wewe mwongo."

"Mimi fundi, mzee."

Koti lisilokwisha halijamkaa mtu wala halijambana. Na kila Ijumaa akija, anakuja na mvua yake. Nani hapa hakuvuna mwaka huu?

Sasa, mheshimiwa, hiki kiapo chako kipya. Kila mhitimu aape leo kwamba atamaliza kazi zote alizopokea ndani ya siku saba. Ulituambia karatasi yake iliingia dirishani, ikatua mezani kwako, ukaona wazo zuri. Baba yangu, karatasi huingizwa dirishani na nani? Mtazameni yule mlangoni anavyokagua kucha zake.

Uongo wa fundi ni mazoea, lakini kiapo ni kiapo. Mjukuu wangu akiapa, atalimaliza. Akilimaliza, mimi nitabaki nikizungumza na cherehani, ama nyinyi mtabaki mkitazama mawingu. Kwa hiyo naomba uongeze maneno matatu tu: isipokuwa koti moja. Hata mwandiko wako ukiwa mbaya, mimi sitajua.

Anaandika. Mpigieni makofi.

Lakini Bwana Mvua, mbona wewe ndiye unayepiga makofi kuliko wote? Upepo amenuna, wewe umefurahi. Hee. Mwaka mzima Uzi anakupima mabega, anakuuliza umeamkaje, anakwambia simama wima, mzee. Kumbe huko juu hakuna anayekugusa bega?

Basi kaa, baba, ila mbali na keki. Nawashukuru kwa masikio yenu. Mmoja wenu anishike mkono nikae.