Daftari Langu la Presha Lina Uongo

Sogeeni karibu, wanangu, maana tangu Jumapili upande huu wa kushoto hauniitikii na ulimi umekuwa mzito. Wendelin, wewe ni mtoto wangu wa kwanza, usisimame mlangoni kama mgeni. Luisa, keti na mama yenu.

Shamba la kahawa la bondeni ni lako, Wendelin. Ukitaka kuling'oa, ling'oe, upande mahindi. Tumegombana miaka mitatu juu ya mibuni ile, tangu wanunuzi binafsi waingie na bei ikawa haitabiriki. Wewe ulikuwa na watoto wa kulisha, mimi nilikuwa na miti niliyoipanda na baba yangu. Shamba la mlimani, lile la ngoro, mashimo yetu ya kulimia, ni la Luisa, na asisumbuliwe kwa sababu ni mwanamke.

Sasa sikilizeni linaloniuma. Luisa, uliniletea kipimo cha presha kutoka Songea, ukanifundisha kutulia kwanza, miguu chini, mkono juu ya meza, kisha kufunga mkanda na kusikiliza kwa mipira ya masikioni. Nimefundisha watoto kusoma saa miaka thelathini, mshale ule haukunishinda. Kila asubuhi nilipima, nikaandika kwenye daftari. Mshale ulisema mia na tisini, mimi niliandika mia na thelathini.

Hapa Matiri mnajua wenyewe: mtu akisikika ana presha, hawaulizi kama anakunywa dawa, wanauliza nani amemuudhi. Mzee Kilian alipoanguka, mwanawe aliitwa kwenye kikao cha ukoo akatozwa mbuzi. Nikaona nikiandika namba ya kweli, watasema Wendelin ananiua kwa ajili ya kahawa. Nilidhani ninakulinda, mwanangu. Nawe Luisa ukasoma daftari, ukafurahi, ukasema dawa zinanifaa, tuendelee na hizo hizo. Usilie. Ulisahihisha kazi ya mwanafunzi aliyedanganya.

Wendelin, nasema mbele ya wote: si wewe. Baba yangu alianguka hivi hivi, na hakuwa amegombana na mtu. Wakikuita kikaoni, Luisa awaambie nilichofanya, nami nisitetewe.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mama yenu. Kichwa kinamuuma tangu Kwaresima, na nikimwambia apime ananijibu, "Mwalimu, mkanda huo umeupenda wewe, lala nao wewe." Mnacheka, hata mimi nilicheka. Ila nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, najua anaogopa mshale utawataja ninyi. Kunigunda, mke wangu, mshale haumtaji mtu. Unaonyesha damu inavyosukuma, basi. Unaweza kuwa juu nawe hujisikii lolote, ndiyo maana tunapima hata siku tunapojisikia vizuri. Na ukipewa dawa, usiiache kwa sababu kichwa kimetulia.

Wendelin, chukua kipimo. Si Luisa, wewe. Mfunge mama yako mkanda hapa, nikiona. Upandishe kidogo, juu ya kiwiko. Mama, usizungumze, legeza mkono... Luisa, mwonyeshe pa kusikiliza. Polepole, mwanangu, acha upepo utoke wenyewe.

Mungu awatunze... mkae hivi hivi, mmeshikana. Mibuni isiwatenganishe, wala...

Nimechoka kidogo. Fungua ukurasa mpya. Ni ngapi?

Usinitazame mimi. Iandike hiyo hiyo.