Kamati ya Kikapu cha Mama Soli

Kikao cha Kumi na Moja cha Kamati Teule ya Kuchagua Kikapu cha Mtandaoni kwa Ajili ya Duka la Viatu la Mama Soli. Ndivyo mzee aliyeitwa Muhtasari alivyoandika juu ya ukurasa wa daftari lake, akapiga mstari kwa rula, akapuliza wino, ingawa kalamu yenyewe haikuwa ya wino wa kupulizwa. Alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na miwili. Kustaafu kulimnyang'anya ofisi tu, si ukarani. Kushoto kwake alikaa Injinia, mtengeneza redio na simu, aliyejipa jina hilo mapema kabla watu hawajapata nafasi ya kumpa jingine. Kulia alikaa Bima, ambaye huuza bima na huamini kwamba kila jambo lina ajali yake. Kahawa ilikuwa mkononi, benchi lilikuwa mahali pake chini ya ukingo wa bati, na nyuma yao, ndani ya mlango, Mama Soli alikuwa akipaka gundi kwenye soli, akisikia kila neno na asiulizwe lolote.

Benchi lile alilichonga marehemu mumewe. Alipofariki, Mama Soli alirithi kibanda, cherehani ya ngozi, na benchi pamoja na waliokuwa wamelikalia. Wote watatu humwita shemeji, na mashemeji hawafukuzwi. Huombewa tu safari ndefu.

Kazi yake ni viatu vya watu ambao miguu yao haikupatana: wa kushoto mfupi, wa kulia mrefu; mmoja saizi thelathini na nane, mwenzake arobaini. Miaka yote wateja walitoka kliniki ya mifupa iliyokuwa mtaa huohuo. Mwaka huu kliniki ikahamishiwa mji mwingine, na miguu yote ikahama nayo. Katika miezi miwili walioingia kibandani walikuwa wanne, mmoja wao akiulizia choo. Ndipo binti wa mdogo wake, anayefanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta, akamwambia bila kuzungusha maneno: auze mtandaoni, au afunge kibanda ahamie kwao apumzike.

Mama Soli ana miaka hamsini na sita. Hilo neno "apumzike" hakulipenda hata kidogo. Akasema atauza mtandaoni.

Binti akatengeneza maduka matatu ya majaribio, kila moja na programu yake ya kikapu, mahali mnunuzi anapoweka anachotaka kabla ya kulipa, akayatuma kwenye simu ya mama yake mkubwa. Achague moja kabla ya likizo ya binti kwisha, Ijumaa saa kumi jioni. Muda huo ukipita, binti hatakuwa na nafasi tena mpaka mwakani. Kosa la Mama Soli lilikuwa moja: siku hiyo mikono ilikuwa imejaa gundi, akawapa wale wa benchini simu wamsomee. Hiyo ilikuwa siku ya kikao cha kwanza. Kikao cha kwanza kilimchagua mwenyekiti. Cha pili kilimwondoa. Cha tatu kilijadili kama kamati iitwe teule au maalumu. Cha nne Injinia alifungua kundi la kamati ndani ya simu ya Mama Soli, ili watu watatu waliokaa benchi moja, magoti yakigusana, waweze kuandikiana.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tisa na robo.

— Nirudie kwa faida ya wasiosoma, alisema Injinia. Kikapu cha kwanza ni nyumba ya kupanga. Unaingia, taa zinawaka, kila mwezi unalipa. Cha pili ni kiwanja. Hupangi kwa mtu, lakini bomba likipasuka ni la kwako. Cha tatu unakaa sebuleni kwa mtu, na kila ukila, yaani kila ukiuza, anachukua kipande cha nyama.

— Hapo umesema, Mama Soli alijibu kutoka ndani. Sasa kipi kinajua kwamba mguu wa kushoto si pacha wa kulia?

— Shemeji, hayo ni ya kiufundi. Tutayafikia.

Walikuwa wakisema watayafikia tangu kikao cha tano.

Bima alitaka kwanza lizungumzwe suala la vikapu vinavyotelekezwa. Alikuwa amesikia kwamba mtandaoni watu hujaza kikapu halafu wakaondoka wasilipe. Je, viatu vilivyobaki humo viko chini ya ulinzi wa nani? Usiku nani anavilinda? Kikapu kikiibiwa na viatu ndani? Mama Soli alimweleza kwamba viatu vitakuwa hapa, kwenye rafu, mbele ya macho yake, na hata havitakuwa vimeshonwa bado. Bima akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyowatikisia wajane wote wasiokuwa na bima.

— Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hilo linahusu watoto, alisema Muhtasari bila kuinua kalamu.

— Linahusu kikapu chochote kisicho na kufuli.

Muhtasari naye alikuwa na lake. Duka la mtandaoni, alisema, haliko mtaa wowote. Lisipokuwa na mtaa halina ofisi ya mtaa, lisipokuwa na ofisi ya mtaa halina wa kuligongea muhuri, na jambo lisilo na muhuri halijatokea. Alipendekeza iandikwe barua ya kuomba maelekezo. Alipoulizwa barua iende wapi, alisema hilo ndilo swali la kwanza ambalo barua ingeuliza.

Mama Soli alitoka mlangoni, kisu cha ngozi mkononi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Aliwaambia kwamba mtoto wa watu anasubiri jibu, na kwamba yeye haombi muhuri, anaomba neno moja: cha kwanza, cha pili au cha tatu.

— Haraka haraka haina baraka, shemeji, alisema Bima.

— Siku kumi na moja, Bima. Mimba ya sungura huwa imeshapita theluthi.

Injinia aliona heshima ya taaluma yake inayumba, akaamua kufichua siri. Akawasogelea. Vikapu vya siku hizi, alisema, vina akili. Vinajua mtu anataka nini kabla mwenyewe hajataka. Maana yake Mama Soli atajikuta ametuma kiatu cha soli nene kwa mtu ambaye mguu wake bado mzima, halafu wiki inayofuata mtu huyo anateleza bafuni. Bima akaweka kikombe chini. Kama kikapu kinajua nani atateleza, alisema, basi nakala ya orodha hiyo ije kwake kwanza, kwa siri, kabla ya viatu. Muhtasari akauliza kama aliyeteleza anaweza kukishtaki kikapu, maana mtabiri naye ni mshiriki. Wakaanza kubishana nani atakiwakilisha kikapu mahakamani.

Mama Soli alirudi ndani. Alikata kipande cha ngozi ambacho hakikuhitaji kukatwa.

Hapo akafika mgeni, mwanamume wa makamo mwenye shati la mikono mirefu na vumbi la safari kwenye viatu. Alikuwa ameshika karatasi mbili zilizokunjwa kwa uangalifu. Alisalimia, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa viatu vya miguu isiyolingana. Yeye ni mwalimu, alisema. Mama yake aliwahi kutengenezewa hapa, wakati wa kliniki, na namba ya simu ilikuwa bado ndani ya boksi la zamani. Mama huyo sasa ni bibi mzee, hawezi kusafiri. Kwa hiyo alimsimamisha juu ya karatasi, akaizungushia miguu kalamu, akapiga picha, akatuma.

— Nilituma Jumatatu. Hamkujibu. Nikaona nije.

Mama Soli alinyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza ndani ya siku kumi na moja Injinia akamrudishia simu yake. Alipandisha ujumbe kwa kidole gumba. Kundi la kamati lilikuwa na jumbe mia mbili na themanini. Chini yake kabisa ilikuwapo picha ambayo haikuwa imefunguliwa: miguu miwili ya bibi, mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili.

Hakupiga kelele. Alimwomba mwalimu radhi, akamsogezea kigoda. Muhtasari, ili kuokoa hali, alimweleza mgeni kwamba suala la mauzo ya mbali linashughulikiwa, na kwamba kamati iko mbioni kuchagua kimoja kati ya vikapu vitatu. Mwalimu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na nyumba ya kupanga, na kiwanja, na sebule.

— Samahani wazee wangu, alisema. Katika hivyo vitatu, kuna aliyejaribu kununua kiatu?

Muhtasari alirudisha kurasa za daftari nyuma, moja moja, hadi ya kwanza, kisha akaanza upya.

— Mwalimu, kaa hapa, alisema Mama Soli. Mnunulie mama yako viatu nikuone.

Kilichotokea ni hiki. Mwalimu alijaribu kununua katika maduka yote matatu, Mama Soli akiwa amesimama nyuma ya bega lake. La kwanza lilimtaka ataje saizi moja kwa miguu yote miwili, na la tatu hivyohivyo. La pili lilikuwa na nafasi ya mnunuzi kuandika maelezo na kuweka picha, akaweka picha ya karatasi zake. Saa kumi kasoro dakika nne Mama Soli alimtumia binti wa mdogo wake neno moja: cha pili. Viatu vya bibi vilichukua siku sita.