Gurudumu Jeupe Lililopita Peke Yake

Nimeuza kahawa kwenye kona hii tangu benchi lina miguu minne, sasa lina mitatu na tofali, na sijawahi kuona kitu kama cha jana asubuhi. Tulikuwa wanne: mimi na birika langu, Kinyozi, ambaye wateja wake humfuata benchini na kitambaa shingoni, Fundi Viatu na sindano yake, na Spika, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hana sauti ya chini. Nilikuwa katikati ya habari za mtu, za nani sisemi, mara likaja gurudumu. Gurudumu la gari kubwa la porini, rimu nyeupe pe kama sahani ya wageni. Halina gari. Linashuka mteremko lenyewe, bila haraka, likatupita kama mtu asiyetaka kusalimia, likapanda kibaraza cha Kinyozi, likazungukazunguka, likalala mlangoni.

 

Fundi Viatu: Jamani. Mmeliona, au nimeliona peke yangu?

Kinyozi: Limekuja kunyolewa! Mungu wangu, limeingia kabisa!

Spika: Lile ni letu! Lile si tumelipaka sisi Jumamosi?

Tukageuka kutazama juu. Loo! Gari la jirani yetu Kamanda lilikuwa limepiga goti katikati ya njia, hatua hamsini tu kutoka getini kwake, pua chini upande wa kushoto. Mkewe alikuwa ameshatoka kiti cha mbele, amesimama mkono kifuani. Mlango wa nyuma ulikuwa haujafunguka. Nyuma alikaa mama mkwe.

Hapo moyo wangu ukafanya paa. Huyu mama mkwe alikuwa na miaka sita hajakanyaga nyumba ya Kamanda. Mara ya mwisho alitazama yale magurudumu yaliyoliwa na kutu akasema, mbele za watu, kwamba mwanaume anayembeba binti wa watu juu ya masufuria yaliyoungua hana anachokithamini. Kamanda akajibu. Alijibu nini, naujua ukweli wote, lakini leo nina haraka. Juzi jioni mama ameshuka kwenye basi mwenyewe, na binti alishamwambia mumewe: safari hii mama asiporidhika, naondoka naye.

Ndiyo maana ya rangi. Jumamosi Kamanda alilipandisha gari juu ya matofali uani, akayatoa magurudumu yote manne, akawaita hawa. Kila mtu na lake. Wamekwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Ili rangi isiguse mpira wakachomeka karata zetu za kuchezea kuzunguka rimu yote, na sasa wafalme wote wana ndevu nyeupe. Hata nati walizipanga kwenye boksi wakazipaka. Wakasubiri zikauke, wakarudisha kila kitu, wakasifiana.

Kamanda akafika anakimbia, kandambili moja mguuni.

Kamanda: Jamani nisaidieni! Mama hajasema neno! Amekaa tu humo ndani ananitazama kwenye kioo. Nikamwambie nini?

Mimi: Kuna aliyeumia?

Kamanda: Hakuna, bibi, tulikuwa tunatambaa. Lakini nikamwambie nini?

Fundi Viatu: Kaa kwanza, upumue. Mwambie ni rangi. Rangi mpya inateleza. Hata kiatu ukikipaka sana kinamvua mtu mguu.

Kinyozi: Acha hizo. Mwambie ni jicho. Jana watu wangapi wamesimama getini kuyatazama? Yule fundi cherehani alitazama mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi. Jicho lile linang'oa jino, sembuse gurudumu!

Kamanda: Mama haamini mambo ya jicho.

Spika: Basi sayansi! Nisikilizeni mimi! Gurudumu ni chuma, gari ni chuma. Chuma na chuma vinavutana, sumaku hiyo! Sasa tumeweka rangi katikati, tena nyeupe, nyeupe inafukuza! Mvutano umekatika!

Fundi Viatu: Friji langu ni jeupe, mbona mlango unang'ang'ania?

Spika: Friji haliendi porini!

Kinyozi: Hapo kuna neno. Kaka, gari hili limezoea matope. Umeliosha, umelipamba, limeona haya. Kuna mteja wangu mmoja nilimnyoa ndevu za miaka kumi, akashindwa kurudi kwake.

Kamanda: Nikamwambie mama mkwe gari limeona haya?

Spika: Au mwambie limemkataa! Gari linajua! Kwa nini lisidondoshe gurudumu siku zote hizo, lidondoshe siku amepanda yeye? Ule uzito wa maneno aliyoyasema juu ya—

Mimi: Spika, punguza sauti.

Spika: Sipunguzi! Watu wengine wakipanda, chuma kinasikia! Na mimi ningekuwa yeye, unajua ningefikiri nini? Ningefikiri mkwe amenipangia! Kanipakia rangi nyeupe ya kunizubaisha, kumbe huku chini—

Sauti: Endelea, mwanangu.

Jamani. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mkoba kwapani, kilemba hakijasogea hata unywele. Binti yake pembeni, macho mekundu. Amefika saa ngapi, hata mimi ninayesikia mlango ukifunguliwa mtaa wa pili sikusikia. Spika alifunga mdomo nikasikia meno yakigongana.

Mimi: Karibu, dada. Pole sana. Nikumiminie kahawa?

Mama mkwe: Asante, dada, baadaye. Huku chini nini, mwanangu? Malizia.

Spika: Shikamoo, mama.

Mama mkwe: Marahaba. Nilikuwa namfikiria mkwe wangu hivyo hivyo, mle ndani ya gari. Ndiyo maana nikashuka kutafuta hizi.

Akafungua kiganja. Nati tatu, nyeupe, safi kabisa.

Mama mkwe: Nimeendesha mashine ya kusaga nafaka miaka ishirini na miwili. Mikanda nimebadilisha mwenyewe, nati nimekaza mwenyewe. Spana ikipita juu ya rangi, rangi inachubuka. Tazameni hizi. Hazina hata mkwaruzo. Nani alikaza?

Kinyozi alimtazama Spika. Spika akamtazama Fundi Viatu.

Kinyozi: Mimi nilizifunga kwa vidole, nikajua Spika anakuja nyuma na spana.

Spika: Spana nilimpa Fundi.

Fundi Viatu: Mimi nikaiweka karibu na Kamanda. Nikasema, mwenye gari ndiye anayemalizia.

Mama mkwe: Na hakuna aliyerudi kuangalia?

Hapo nikainama kusuuza vikombe vilivyokuwa safi. Maana siku ile, wakati jeki imeshashuka na spana imeanza kazi, aliyechungulia ukutani akasema "njooni haraka mwone nani anahamisha vitanda" ni nani? Walitoka wote wanne mbio. Na vitanda vyenyewe vilikuwa viwili tu.

Mama mkwe hakungoja jibu. Alirudi kwenye gari, nasi nyuma yake kama watu wanaokwenda kuutambua mwili. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kulia, akashika nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Jamani, ikazunguka kama kifuniko cha chupa! Akaenda la mbele kulia, upande wa dereva mwenyewe. Ikazunguka. Kinyozi akashika kichwa. Fundi Viatu akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Likabaki la nyuma kushoto. Mama akashika nati ya kwanza, haikwenda. Ya pili, haikwenda. Akainamisha uso. Zote sita zilikuwa zimechubuka pembe, chuma kinaonekana.

Mama mkwe: Hili?

Kamanda: Hilo nilikaza mimi, mama. Nilianza nalo.

Mama mkwe: Kwa nini hili?

Kamanda alifungua kiganja chake. Jasho lilimtoka mpaka puani.

Kamanda: Ndipo utakapokaa, nilisema. Sikutaka upate hata mtikisiko. Nilikaza mpaka spana ikanikata mkono, tazama. Halafu... halafu tukaitwa nje.

Nikaona uso wa yule mama unalegea. Kweli nikaona, nisiseme uongo. Miaka sita ikaanza kushuka mabegani kwake kama mtu anayetua mzigo. Spika akatabasamu. Kinyozi akampiga Kamanda kofi la mgongo, la pongezi. Hata mimi nikavuta pumzi, nikasema afadhali, hapa pameisha.

Kisha mama akanyanyuka, akashika goti, akazunguka taratibu mpaka mbele kushoto, pale penye goti la gari, chuma kitupu kimechimba ardhi. Juu yake ndipo kilipo kiti cha binti yake. Anakaa hapo kila siku ya Mungu, kwenda kazini na kurudi. Mama akakitazama kile kiti, akaitazama barabara kubwa kule chini magari yanakopita kwa kasi, akamtazama Kamanda.

Mama mkwe: Na hili la mwanangu, ulikuwa ulikaze lini?

Kamanda akachuchumaa, akashika chuma kile kitupu. 

 Binti aliacha kulia, akamgeukia mumewe, kwa sauti ya chini akasema tu, "Jibu, mume wangu."

Mama alishuka akaketi kwenye benchi letu, mkoba mapajani. Alimwambia mkwewe basi lake linaondoka saa kumi, ana nafasi ya kusikiliza. Spika, mwenye jibu la kila kitu tangu nimfahamu, alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.